Chapa ya Nyumba Arobaini

Jumatatu, 3 Oktoba 1966

Aabo, baba yangu, hakurudi leo. Alitoka asubuhi kwenda soko la mifugo, kwenye kazi yake ya udalali. Yeye husimama kati ya muuzaji na mnunuzi, wakashikana vidole chini ya kitambaa, na bei ikapatikana bila mtu wa tatu kuisikia. Saa nane mchana mtu mmoja wa sokoni alikuja kumwambia Hooyo, mama yangu, kwamba mumewe Salat yuko polisi. Hakukaa hata kunywa chai. Hooyo alipomwuliza kwa nini, alisema hajui, akatazama nyuma mara mbili, akaenda.

Naandika Kiswahili kwa sababu humu nyumbani ni mimi tu ninayekisoma. Kisomali hatukufundishwa kukiandika.

Jumanne, 4 Oktoba

Hooyo alipeleka chakula, wakakipokea, lakini hawakumruhusu kumwona. Askari wa mlangoni alimwambia, kwa Kisomali cha kuokoteza, kwamba ngamia wa mumewe amekamatwa akibeba mizigo ya shifta, yaani waasi wa msituni.

Sisi hatuna ngamia hapa Garissa. Wanyama wetu wachache wako Balambala na jamaa. Polisi hawawezi kumtazama ngamia wakajua ni wa mtu gani. Kuna mtu aliyewaambia.

Jumatano, 5 Oktoba

Nimekumbuka insha.

Wiki mbili zilizopita Mwalimu Muriuki alitupa insha ya "Mali ya Nyumbani Kwetu". Wenzangu wa darasa la saba waliandika nusu ukurasa. Mimi niliandika kurasa nne juu ya ngamia, na kwa sababu nilitaka alama nzuri nilichora chapa yetu ya moto: mstari mrefu na vistari viwili upande mmoja, shingoni. Wote wamerudishiwa insha zao, mimi bado. Nilipomwuliza Ijumaa, bila kumtazama usoni, alisema bado anaisoma.

Kurasa nne zinasomwa wiki mbili?

Alhamisi, 6 Oktoba

Leo Mwalimu alikuwa amesimama nje ya duka na Jama, mkalimani wa mahakama. Mkononi alikuwa na karatasi za mistari, na Jama alikuwa akimwonyesha kitu kwa kidole. Sikuweza kuuona mwandiko. Sikuhitaji kuuona.

Nilimweleza Hooyo. Baadaye Hooyo alimweleza Khadijo, anayetuletea maziwa.

Jumatatu, 10 Oktoba

Nimekosa shule ili niende na Hooyo mahakamani. Naandika yote kabla sijasahau, maana nimegundua kwamba huko mtu asiyeshika maneno hana kitu.

Mahakama ni chumba kimoja nyuma ya ofisi za Serikali, madirisha yake yana wavu. Hakimu ni mtu wa bara, mwembamba, na leo alikuwa na mafua. Aabo alisimama ndani ya kizimba, yaani uzio wa mbao unaofika kiunoni. Amenyolewa ndevu. Hooyo alipomwona alishika mkono wangu akaubana mpaka ukafa ganzi.

Nilikuwa nikimtafuta mtu anayemshtaki. Kwetu, mtu akidai umemkosea, anakuja yeye na wazee wake, mnakaa, mnamwona. Hapa anayeshtaki ni Serikali, na leo Serikali ilikuwa na sura ya Inspekta Gichuki, mfupi, mwenye kalamu tatu mfukoni. Yeye hajakosewa na mtu. Anasoma tu.

Karani alisoma shtaka: kwamba Salat alitoa ngamia wake kuwabebea shifta chakula na vifaa. Jama akalitia katika Kisomali. Aabo akaulizwa kama ni kweli au si kweli.

Aabo alisema kwa muda mrefu. Alisema yeye ni dalali kwa miaka kumi na sita, kila afisa wa mifugo aliyepita hapa anamjua, hajawahi kulisha mtu wa msituni wala kumpa njia, na Mungu ni shahidi wake. Jama alisubiri amalize, akamgeukia hakimu.

"Anakana," alisema.

Neno moja. Mimi najua lugha zote mbili, nilisikia yaliyoingia na nikasikia yaliyotoka. Mengine yote yamebaki kwa Jama. Ameyaweka wapi?

Dhamana imekataliwa. Aabo amerudishwa rumande mpaka tarehe kumi na saba.

Jumatatu, 17 Oktoba

Imeahirishwa. Shahidi yuko safarini.

Ijumaa, 21 Oktoba

Mwalimu Muriuki alitufundisha leo mambo ya raia, na somo lilikuwa mahakama. Alichora ubaoni hakimu juu, mshtakiwa hapa, mwendesha mashtaka pale. Alisema si kazi ya mshtakiwa kuonyesha kwamba hakukosa. Ni kazi ya anayeshtaki kuonyesha kwamba alikosa. Mashahidi wa Serikali hutangulia. Kila shahidi akimaliza, mshtakiwa ana haki ya kumwuliza maswali. Baadaye hakimu huamua kama kuna kesi ya kujibu. Ikiwapo, mshtakiwa anaweza kujitetea kwa kiapo, au bila kiapo, au akanyamaza, na anaweza kuleta mashahidi wake.

Niliandika kila kitu. Alikuwa akinitazama mimi alipokuwa akisema, si wengine. Mtu huyu ni mwalimu wa hesabu na Kiswahili. Njia za mahakama amezijulia wapi? Na kwa nini wiki hii?

Jumatatu, 24 Oktoba

Imeahirishwa. Mvua ya kwanza imenyesha, barabara ya bara haipitiki, na faili moja liko huko.

Jumatano, 26 Oktoba

Mke wa Mwalimu, Nkirote, alisimama langoni kwake na kopo tupu tangu asubuhi. Khadijo alipita upande wa pili wa njia, kibuyu cha maziwa mgongoni, kama mtu asiyeona nyumba. Muuza maziwa mwingine alifanya vivyo hivyo. Nkirote ana mtoto wa miezi minane. Nilihisi vibaya, kisha nikajiambia kwamba Aabo naye analala sakafuni.

Jumatatu, 31 Oktoba

Imeahirishwa. Hakimu ana homa.

Hooyo aliniuliza neno hili "kuahirisha" ni adhabu ya aina gani, maana kila wiki anapewa yeye.

Jumatano, 2 Novemba

Mvua usiku kucha. Jama alipita mbele ya nyumba yetu akapunguza mwendo, kana kwamba anataka kuingia, akaendelea. Viatu vyake havina tope. Ameletwa na gari la nani?

Jumatatu, 7 Novemba

Leo kesi imesikizwa.

Shahidi wa kwanza wa Serikali alikuwa koplo anayetunza zizi la polisi, mahali wanapowekwa wanyama waliokamatwa. Aliapa. Alisema kwamba tarehe ishirini na tisa Septemba askari wa doria walikuta watu na ngamia watatu njiani. Watu walikimbia na ngamia wawili, wa tatu akabaki. Alikuwa na magunia mawili ya unga na katoni ya betri za tochi. Walimleta zizini. Chapa waliiona, lakini hawakujua ni ya nani, na walikuwa wamepanga kumuuza kwenye mnada.

Inspekta Gichuki alimwuliza jinsi walivyompata mshtakiwa. Mimi nilikaza shingo. Nilikuwa nikingoja jina. Nilimtazama Jama, kisha nikamtafuta Mwalimu, ambaye alikuwa amekaa benchi la nyuma.

"Hatukumpata," koplo alisema. "Alikuja mwenyewe."

"Nani alimleta?"

"Hakuna. Jumatatu asubuhi aliingia na kamba yake. Akamzunguka ngamia, akamshika mguu kuangalia kama amechubuka, akasema huyu ni wangu, nimekuja kumchukua. Nikamwambia angoje kidogo, nikaenda kumwita Inspekta."

Hooyo hajui Kiswahili. Aliniuliza amesema nini, nikashindwa kumwambia.

Nimeelewa hapo hapo, na kila Msomali aliyekuwa chumbani alielewa. Kwetu chapa ya moto si ya mtu mmoja. Chapa yetu ni ya nyumba arobaini. Ukimwona mnyama mwenye chapa ya jamaa yako mikononi mwa wengine, unasema ni wako. Unamchukua, unamtunza, mwenyewe akija unampa. Ukisema si wako mbele ya watu, umemkana, na aliyemshika anaweza kumfanya wake, kisha jamaa watakuuliza ulikuwa wapi. Aabo alisikia sokoni kwamba yuko ngamia wa chapa yetu polisi na kwamba atauzwa. Alikwenda kama ambavyo angekwenda kwa mtu yeyote aliyeokota mnyama. Hakuuliza amefikaje huko. Huwa hatuulizi.

Hakimu alimwambia Aabo kwamba sasa anaweza kumwuliza shahidi maswali. Hii ndiyo haki aliyotufundisha Mwalimu, na mimi nilikuwa na maswali saba tayari kichwani. Aabo alifikiri kidogo.

"Mwulize kama ngamia anapewa maji," alimwambia Jama.

Jama akatafsiri bila kucheka. Karani alicheka, askari wa mlangoni akacheka. Koplo alisema anapewa kila siku ya pili.

"Basi sina neno," Aabo alisema.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Mwisho alisema mshtakiwa ana kesi ya kujibu, na utetezi utasikizwa tarehe ishirini na moja.

Mwezi mzima nimekuwa nikimtafuta aliyempeleka Aabo polisi. Nilipima nani anatutazama na nani hatutazami, nani ana viatu safi, nani anashika karatasi. Hakuwapo mtu. Aabo alijipeleka, na kamba mkononi.

Jumanne, 8 Novemba

Nilibaki darasani baada ya kengele. Nilimwambia Mwalimu kuhusu insha, kuhusu karatasi aliyomwonyesha Jama, na kwa nini maziwa yalikatika kwake. Nilisema nikitazama dawati. Hakunisaidia.

"Mtoto wangu amekunywa uji wa mtama wiki tano," alisema. "Mama yake alidhani ni kwa sababu sisi ni watu wa bara. Nenda ukamwambie huyo mama wa maziwa wewe mwenyewe. Mimi hataniamini."

Kisha akatoa insha mezani. Nimepata kumi na saba kwa ishirini. Alisema majina ya Kisomali yalimshinda, ndiyo maana alimwendea Jama amsaidie. Kuhusu mahakama, alisema kaka yake aliwahi kushtakiwa kwa kosa la mtu mwingine, na walipokuja kujua la kufanya alikuwa ameshahukumiwa.

Aliikunja insha mara nne kabla ya kunipa. Akaniambia niuchome ukurasa wa tatu leo leo, nisimwonyeshe mtu. Nilimwuliza kwa nini. Alisema, "Usome kwanza, halafu uuchome."

Ukurasa wa tatu nilieleza kwamba chapa ni ya nyumba arobaini lakini kila nyumba ina mkato wake wa sikio. Nikachora mikato sita. Wa nne ni sikio la kushoto lililokatwa nchani hata likawa na pembe mbili.

Nimekwenda mpaka nyuma ya zizi la polisi kumtazama yule ngamia. Sikio la kushoto, pembe mbili. Huo ni mkato wa Awil, binamu yake Aabo aliyeko Balambala.

Nimeuchoma jikoni. Hooyo aliuliza ninachoma nini, nikasema hesabu mbaya.

Jumatano, 9 Novemba

Nimempelekea Nkirote maziwa. Alinikaribisha ndani. Nilikataa, kisha nikaingia.

Jumamosi, 12 Novemba

Adeer Nunow, kaka mkubwa wa Aabo, amefika kutoka Balambala na msafara wa jeshi, kibali chake kimepigwa mihuri mitatu. Wazee wanne walikaa kwetu mpaka karibu na saa ya kutotoka nje. Mimi nilipeleka chai nikabaki mlangoni.

Walikubaliana kwamba hakimu ni mgeni, hajui chapa ni nini, na akielezwa vizuri atamwachia Salat. Swali likawa nani ataeleza. Mmoja alisema Nunow mwenyewe. Adeer Nunow alisema Jama atayakata maneno yake kama alivyokata ya Salat, afadhali mtu anayejua Kiswahili aseme bila mkalimani. Wote wakageuka mlangoni.

Nilisema siwezi. Darasani nikiulizwa jibu ninalolijua, sauti haitoki.

"Utasema chapa tu," Adeer Nunow aliniambia. "Wewe ni mtoto wa shule. Hawatakuuliza mambo ya wanaume."

Nilimpa chai ya pili. Ndipo nikawaza: Adeer anatoka Balambala. Analisha pamoja na Awil, kisima kimoja. Mkato wa sikio anaujua kuliko mimi. Akisimama yeye, ataulizwa yeye. Sasa atakayesimama ni mimi. Amefikiria hilo, au hakufikiria? Nilimtazama usoni muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. Alikuwa akikoroga sukari.

Jumatatu, 14 Novemba

Mtihani wa mwisho. Hesabu. Sijui.

Alhamisi, 17 Novemba

Mto umejaa. Mashamba ya chini yamekwenda na mahindi yake.

Jumapili, 20 Novemba

Nilimwendea Mwalimu. Nilimweleza walichopanga wazee. Alikuwa akimbembeleza mtoto mgongoni, maana Nkirote ni mgonjwa.

Nilimwuliza kama shahidi anaweza kusema anachotaka tu na kuacha mengine. Alisema hapana. Upande wako ukimaliza kukuuliza, upande wa pili nao una zamu yake, kama vile Aabo alivyokuwa na zamu yake kwa koplo. "Ukiapa, huchagui maswali, Arbia. Na Gichuki si mjinga."

Nilimwuliza kama nisipokwenda Aabo atafungwa. Alisema labda. Nikamwuliza kama nikienda atafunguliwa. Alisema labda. Nilimkasirikia kwa kusema neno moja mara mbili, lakini nadhani ndiyo hesabu yenyewe.

Nimeamua kwenda. Watu wa polisi wamemtunza ngamia huyo karibu miezi miwili na hawajayaona masikio yake. Kwa nini waulize sasa?

Jumatatu, 21 Novemba

Niliitwa baada ya Aabo kujitetea. Yeye alisema kwa kiapo kwamba alimdai ngamia kwa kuwa ana chapa ya jamaa zake, na safari hii Jama alitafsiri kila sentensi, moja moja, bila kupunguza. Inspekta alimwambia hakimu kwamba huo ni uongo uliotungwa rumande: mtu haendi kudai mali isiyo yake.

Hakimu aliniuliza umri wangu. Nikasema kumi na tano. Akaniuliza kama najua kiapo ni nini. Nilisema ni kumwita Mungu asikilize. Sauti yangu ilitoka ndogo, akaniambia nirudie, nikarudia. Nilishika Kurani.

Nilieleza. Nilisema chapa ni ya nyumba arobaini na wanyama zaidi ya elfu wanayo. Nilisema mtu wa nyumba yoyote kati ya hizo akimwona mnyama wa chapa hiyo amepotea, ni wajibu wake kusema ni wake, ili asipotee zaidi. Nilisema baba yangu angeaibika mbele ya watu wote kama angemwacha auzwe. Hakimu aliacha kuandika akanitazama. Aliniuliza kama hata yeye, akiwa mtu wa nyumba hizo, angefanya hivyo. Nilisema ndiyo, Bwana Hakimu, hata wewe. Watu wakacheka kwa upole, na hakimu mwenyewe akatabasamu. Wakati ule, nasema kweli, niliona Aabo akiwa nyumbani.

Inspekta Gichuki alisimama. Hakuwa mkali. Alisema nimeeleza vizuri kuliko mashahidi wake.

"Chapa ni moja, wanyama ni elfu," alisema. "Basi ninyi wenyewe mnawatofautishaje? Kisimani, wakichanganyika."

Nilimtazama Aabo.

"Umeapa," hakimu alinikumbusha.

"Kwa masikio," nilisema.

"Masikio yana nini?"

"Kila nyumba ina mkato wake."

Inspekta alimgeukia koplo, akamwambia aende zizini akaangalie, arudi. Tulingoja. Nje kulikuwa na mvua nyembamba. Adeer Nunow alikuwa akitazama mikono yake. Koplo alirudi akasema sikio la kushoto limekatwa pembe mbili.

"Pembe mbili ni nyumba ya nani?" Inspekta aliniuliza. "Taja jina tu. Hakimu akilisikia jina hilo, huenda baba yako asilale tena rumande."

Niliitazama Kurani kwenye meza. Nikisema sijui, nimeapa uongo. Nikisema Awil, watamfuata Balambala leo hii, na sijui alimtoa ngamia au aliibiwa, na hawatauliza kwanza. Nilifungua mdomo. Sijui ningesema nini. Nimejiuliza mchana wote, na sijui.

Aabo alisema kutoka kizimbani, kwa Kisomali, si kwa sauti kubwa:

"Jama, mwambie amwache mtoto. Ngamia ni wangu. Mzigo nilimpa mimi."

Jama hakutafsiri. Alimgeukia Aabo akamjibu kwa lugha yetu, haraka, "Salat, nikiyasema haya kwa Kiswahili sitaweza kuyarudisha."

"Yaseme."

Hakimu aliuliza mshtakiwa amesema nini. Jama alikunja karatasi yake, akaikunjua. Mtu niliyemhesabia maneno tangu Oktoba alikuwa akitafuta njia ya kutosema hata moja. Hakimu aliuliza mara ya pili, kwa ukali. Ndipo Jama akasema yote, sawasawa, hakupunguza wala kuongeza.

Hakimu alimwonya Aabo. Alimwambia akikubali shtaka kesi imekwisha hapo, hakuna mashahidi tena. Alimwuliza mara tatu. Mara tatu Aabo alisema ndiyo. Mara ya tatu alikuwa akinitazama mimi, na aliinamisha kichwa kama anavyofanya sokoni bei ikikubalika.

Inspekta hakuonekana kufurahi. Alikaa akafunga kalamu.

Hooyo aliniuliza nini kimetokea. Safari hii nilimwambia.

Jumatano, 23 Novemba

Miaka miwili. Ngamia amechukuliwa na Serikali.

Mwalimu alituambia kuna rufaa, siku kumi na nne. Nilianza kuandika kabla hajamaliza kusema. Akanishika mkono. Alisema mtu aliyekubali kosa mwenyewe anaweza kulalamikia ukubwa wa adhabu tu, si kosa. Tumeandika hivyo basi, kwamba adhabu ni kubwa. Jama alikuja jioni kuipiga chapa kwa mashine yake ya taipu, akakaa kwa mara ya kwanza nyumbani kwetu. Hooyo alimpa chai.

Adeer Nunow aliondoka jana bila kuniaga.

Jumatatu, 5 Desemba

Aabo amepelekwa gereza la bara. Hatukuambiwa siku. Rufaa haijajibiwa.

Jumatano, 7 Desemba

Kaaha, mke wa Awil, amefika na msafara, kibali cha siku tatu. Amemletea Hooyo samli. Alimlilia Aabo vizuri, kwa machozi ya kweli, akasema ni mwanamume wa nadra. Kisha alitueleza habari za Balambala: mvua imeshuka, nyasi zimefika magotini, ngamia wanne wamezaa, Awil ana afya.

Alipofika kikombe cha pili aliuliza kama yule ngamia amepatikana. Alisema Awil anamhitaji kwa kuhama.

Hooyo aliweka birika chini.

Nilimwuliza Kaaha jinsi ngamia huyo alivyofika njiani na magunia. Sijawahi kumwuliza mtu mzima swali la namna hiyo. Alisema aliazimwa. Nikauliza na nani. Alisema, "Na watu," akatazama ndani ya kikombe.

Basi Awil alijua. Alijua tangu Septemba, alikuwa akikaa kwenye nyasi za magotini huku akijua. Na Adeer Nunow, wa kisima kile kile, aliponiambia nitasema chapa tu, alijua pia. Nilitafuta msaliti kwa mwalimu wa bara na kwa mkalimani, nikamnyima mtoto wa mwalimu maziwa, na wao ndio walionyamaza kwa ajili yetu.

"Eeddo," nilimwambia Kaaha, kama anavyoitwa shangazi, "ngamia huyo mahakama imeandika kwamba ni wa Salat."

Alicheka kidogo, kama ni mzaha wa watoto. Alisema kila mtu anajua ni wa nani. Nilisema ndiyo, kila mtu anajua, ila mahakama. Hooyo hakuniambia ninyamaze.

Kaaha akasema Awil hatayaamini hayo kutoka mdomoni mwake, afadhali nimwandikie. Nikachukua karatasi ya mistari. Barua hufunguliwa kwenye kizuizi cha barabarani, kwa hiyo sikuandika jina la mtu wa Balambala wala habari za masikio. Niliandika kwamba ngamia aliyeshikwa tarehe ishirini na tisa Septemba ni wa Salat, dalali, ambaye anatumikia miaka miwili kwa ajili yake. Mtu mwingine yeyote anayemdai ngamia huyo, mahakama ya Garissa iko wazi Jumatatu mpaka Ijumaa, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi, na aje mwenyewe.

Nimeiandika kwa Kiswahili. Awil hajui kusoma. Itabidi atafute mtu wa kumsomea kisimani, na watakaokuwa wakinywesha ngamia wao watasikia.